Damu Moja, Mawifi Wawili

Kazini walimwita Mama Sekunde, maana kazi yake ilikuwa kupima damu inachukua muda gani kuganda, na hakuna aliyewahi kumwona akisamehe hata sekunde moja. Wifi yake alifanya kazi hiyohiyo katika maabara ya upande wa pili wa mji. Walipendana, ila kila mmoja aliamini mwenzake anapima kwa kubahatisha.

Aliyewasha moto ni mama mkwe, mama mzazi wa wifi. Bibi huyo alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu isigande mishipani. Alipima kwa binti yake, akaambiwa dozi inatosha. Akapima kwa mkwewe, akaambiwa damu yake inaganda upesi mno, aongeze.

"Damu yangu ni moja," alisema, amekaa katikati yao sebuleni. "Ninyi ndio mnaoipa tabia mbili. Mkishaelewana mniite."

Basi wifi mtu akafunga safari mpaka maabara ya Mama Sekunde, vifaa mkobani kama mkunga aliyeitwa kwa dharura. Maabara zote mbili zilitumia kigezo kimoja: sehemu ya maji ya damu, iliyokaushwa ikawa unga ndani ya vichupa, na muda wake wa kuganda unajulikana. Unayeyusha unga kwa kipimo maalumu cha maji, unapima, kisha unarekebisha mashine yako ikifuate. Kila mmoja akayeyusha kichupa chake. Wakatia dawa ya kugandisha, wakakodoa macho.

"Yangu tayari," wifi akasema.

"Subiri."

"Nasubiri. Yako bado inaogelea, wifi."

"Maji yako machache!"

"Au yako mengi?"

Mama Sekunde akachukua pipeti yake kongwe ya kupimia maji, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akadondosha maji kwenye mizani. Yakazidi. Akarudia; yakazidi tena. Akaitazama mizani kwa jicho baya, kana kwamba imehongwa.

"Mizani ni yako," wifi akasema. "Mimi sikuja nayo."

Mama Sekunde akaketi. Kigezo chake kilikuwa kimezidiwa maji, kwa hiyo kiliganda polepole. Ukiilinganisha nacho, damu ya kila mtu ilionekana ina haraka. Ni wangapi ameshawaambia waongeze dawa?

Pipeti ikaenda kwenye ndoo ya takataka. Kigezo kipya kikayeyushwa kwa pipeti ya wifi, mashine ikarekebishwa. Kisha akawapigia simu wagonjwa mwenyewe, bila kumsingizia mtu. Wawili walikuwa wameanza kutokwa damu kwenye fizi. Wakawahiwa, wakapunguziwa dozi.

Akamalizia na mama mkwe, simu ikiwa kwenye spika.

"Samahani mama, kosa lilikuwa langu. Ile dozi ya juu iache."

"Niache nini, na sikuianza? Wapishi wawili wakibishana juu ya chumvi, mimi huweka kijiko chini."

Mama Sekunde akashusha pumzi. "Asante, mama."

"Lakini huyo binti yangu mwambie ajifunze kutoboa mshipa. Mkono mzito kama wa seremala!"

"Mama!" wifi akafoka. "Nipo hapa, nasikia!"

"Ndiyo vizuri."