Kiti cha Nyuma Saluni kwa Zuhura

Usiku ule nililala nimenuna. Mzee Chande alikuwa amenitumia ujumbe tangu magharibi, "Mwalimu, leo nitazame filamu gani?" nami nikamjibu kwa jina la filamu tu, bila hata kumpa shikamoo yake, kisha nikaisukuma simu chini ya mto. Kila jioni ni hivyo hivyo. Yeye anauliza, mimi natuma jina. Kesho yake ananiandikia kwamba filamu niliyompa haina kichwa wala miguu, nami simjibu.

Zamani ningemjibu, tena kwa ukali. Tulikuwa wapenzi wa filamu watatu hapa Morogoro: mimi, Mzee Chande ambaye ni mstaafu wa reli, na Zuhura mwenye saluni. Kila Jumapili mchana Zuhura alifunga biashara, akatundika kanga madirishani, tukatazama filamu moja na kubishana mpaka jioni. Mzee Chande ni mtu wa filamu za ngumi na bunduki. Zuhura alitaka za kumliza. Mimi nafundisha jiografia, napenda filamu za taratibu, zile ambazo Zuhura aliziita "filamu za watu kutembea". Hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Nadhani ndiyo maana tulirudi kila wiki.

Tulikuwa na sheria mbili, na tulizishika kuliko tulivyoshika mambo mengi ya maana. Ya kwanza, mwenye zamu ya kupendekeza filamu anakaa kiti cha nyuma. Runinga ilikuwa chini ya kile kioo kikubwa cha saluni, kwa hiyo ukikaa nyuma unaona nyuso za wenzako kiooni. Hutazami filamu, unawatazama wao. Unangoja wacheke pale ulipocheka, washtuke pale uliposhtuka. Sheria ya pili, kumsimulia mtu mwisho wa filamu ambayo hajaimaliza ni marufuku, hata akulilie.

Jumapili ya mwisho zamu ilikuwa yangu. Filamu ilimhusu dada anayemtafuta kaka yake aliyepotelea nchi ya jirani. Karibu na mwisho anafika kwenye nyumba moja, anabisha hodi, anangoja. Nikamtazama Zuhura kiooni. Amekunja uso, jasho linamtoka, ameng'ata mdomo. Nikafurahi. Wallahi nilifurahi, nikajisemea leo nimempata huyu. Akainuka, akasema anakwenda kunywa maji. Filamu ikaisha hajarudi. Tulimkuta chumba cha nyuma, sakafuni, kando ya beseni la kuoshea nywele.

Nilikwenda hospitali siku ya tatu, nimetoka shuleni, nimekumbatia madaftari ya wanafunzi. Zuhura akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hebu niambie. Ule mlango alifungua nani?" Nikamwambia sheria ni sheria, pona kwanza, utauona mwenyewe. Akacheka. Akasema, "Mbishi wewe." Baada ya siku mbili tukamzika.

Tangu hapo ni miezi tisa na sijatazama filamu hata moja. Majina ninayomtumia Mzee Chande nayatoa kichwani, ni filamu za zamani. Nilimnyima mgonjwa kitu kidogo kisichogharimu chochote, na kila nikikaa mbele ya runinga miguu inacheza, mikono inatafuta kazi, nainuka. Hilo ndilo nililolala nalo.

Basi nikajikuta saluni.

Ilikuwa mchana. Kanga ziko madirishani na jua linapenya katikati ya maua yake, likamwagika sakafuni jekundu. Harufu ya mafuta ya nywele ni ile ile. Mzee Chande alikuwa amekaa chini ya drai ya kukaushia nywele, ameivaa kichwani kama kofia, anabisha. Anasema bunduki ile inabeba risasi sita na yeye amehesabu kumi na moja, sasa hizo tano zimetoka wapi? Nikataka kumjibu kwamba filamu si darasa la hesabu, lakini nikasikia maji yakimwagika chumba cha nyuma, kisha yakafungwa.

Zuhura akaingia. Amevaa dera lake la kijani, mikono inachuruzika maji, anaifuta kwenye taulo iliyo begani kama alivyokuwa akifanya. Mzee Chande hakushtuka. Alisogeza miguu tu ili apite, akaendelea na risasi zake. Ni mimi peke yangu ninayejua kwamba Zuhura amekufa, na ninaogopa, nikilitamka ataondoka. Nikabana midomo.

Alipita nyuma yangu. Nikasikia kiti cha nyuma kikilia.

"Zuhura," nikasema, "leo ni zamu yangu."

"Leo napendekeza mimi," akasema.

Runinga ikajiwasha. Namwona yule dada yuko mlangoni, mkono umeinuliwa, anabisha hodi. Ni filamu yangu, pale pale ilipokatikia kwake. Nikawaza, sasa ndio wakati, potelea mbali sheria, nimwambie kabla hajaondoka tena. Nikamtafuta kiooni lakini kioo kimejaa ukungu kama cha bafuni. Nafuta kwa kiganja, ukungu unarudi. Nafuta kwa kanga, unarudi.

Nikageuka, na nyuma hakuna kiti. Kuna ukumbi mrefu wa hospitali, kuta zimepakwa rangi ya samawati mpaka kiunoni, na mimi natembea haraka na madaftari yangu kifuani. Yanadondoka. Nikiokota moja yanadondoka mawili. Mzee Chande ananipita, ameibeba runinga begani, waya unaburuta nyuma yake, na bado yule dada anabisha, ko, ko, ko, mlango wa ndani ya runinga unasikika ukumbi mzima. Namwita anisubiri. Ananijibu bila kugeuka kwamba wao watu wa reli hawasubiri abiria.

Naingia wodi ya kwanza. Vitanda vyote vina wanawake waliokaa chini ya drai, wamefumba macho. Wodi ya pili ni hivyo hivyo. Nawachungulia mmoja mmoja, naomba radhi, nakwenda kwa mwingine. Muuguzi mmoja anasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nikamwambia nina neno moja tu, dada yangu, neno moja, halichukui hata dakika. Anatazama madaftari yangu kisha ananiangalia usoni. "Kila mtu ana neno moja," akasema, akaniachia njia.

Zuhura alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani. Runinga imewekwa miguuni pake na Mzee Chande amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama. Nikafika nahema. Nikataka kusema lakini macho yakavutwa na runinga, maana yule dada hayupo tena. Nipo mimi.

Nimesimama kando ya kitanda. Mkoba uko begani na madaftari nimeyabana kifuani. Natazama saa. Naegemea mguu huu, nahamia mguu ule, natazama saa tena. Nangoja filamu isonge na haisongi, nimesimama tu, dakika baada ya dakika, na aibu inanipanda kutoka tumboni mpaka masikioni.

"Filamu ya mtu kusimama," Mzee Chande akasema. "Afadhali hata zile zako za watu kutembea."

Nami nikaona kitu kingine. Mle kwenye runinga Zuhura yuko kitandani, na kiganja chake kinapapasa shuka pembeni yake. Kinalinyoosha, kinalipigapiga taratibu mara mbili, kama anavyomfanyia mteja kiti kabla hajakaa. Siku ile sikukiona kiganja hicho. Au nilikiona. Sijui, na hata sasa ninapoandika sijui.

Nikashindwa kuvumilia. "Ni kaka yake!" nikapiga kelele. "Zuhura, aliyefungua mlango ni kaka yake. Yuko hai. Amezeeka, hamtambui dada yake mpaka anapomwita kwa jina la utotoni. Ndio mwisho wake huo. Nisamehe. Ningekwambia siku ile, ningekwambia, sijui nilikuwa na nini."

Alinisikiliza kichwa amekiinamisha upande, jinsi alivyokuwa akiwasikiliza wateja wenye matatizo ya nyumbani. Hakuonekana kushangaa wala kufarijika.

"Nilijua ni kaka yake," akasema. "Nani mwingine angefungua?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Mwalimu, sikutaka mwisho. Nilitaka ukae."

Madaftari yote yakaanguka na safari hii sikuyaokota. Nikakaa. Nilidhani nimekaa kitandani, kumbe ni kiti cha saluni, cha mbele, na jua la kwenye kanga linanipiga magotini. Kioo kiko safi. Namwona nyuma yangu, kwenye kiti cha aliyependekeza, ananitazama usoni. Miguu yangu imetulia kwa mara ya kwanza. Nataka kumuuliza kama amenisamehe, swali liko kwenye ulimi, lakini naona anaangalia pembeni, ananionyesha huko kwa kidevu.

Mzee Chande yuko pale chini ya drai. Ameinamia simu yake, ameileta karibu kabisa na macho, anaandika kwa kidole kimoja, polepole, huku anayatamka maneno kama mtoto anayejifunza kusoma. "Mwalimu, leo... nitazame... filamu gani?" Anautuma ujumbe. Anaiweka simu mapajani na kuitazama. Anaigeuza. Anaitazama tena. Haiwashi runinga. Sikuwahi kumwona hivyo, maana ninachokijua mimi ni ujumbe tu unapoingia, na jinsi unavyoniudhi.

"Na huyo naye," Zuhura akasema, "haulizi filamu."

Nikageuka nimshike mkono. Nilishika mto.

Kulikuwa kumepambazuka. Jirani alikuwa anachota maji na redio yake inatangaza vifo. Nililia, sitaki kudanganya, nililia kwa sauti mpaka jirani akaita, "Mwalimu, kuna usalama huko?" nikamjibu kuna usalama. Nililia kwa ajili ya Zuhura aliyeniandalia nafasi ya kukaa nami nikamsomea sheria. Msamaha sikuupata. Aliondoka bila kuutaja, na pengine hakuona kwamba unahitajika, au aliona kuna jambo jingine la haraka zaidi.

Nikaitoa simu chini ya mto. Mzee Chande alikuwa ameandika saa kumi na moja alfajiri kwamba filamu ya jana ilikuwa mbovu, ameizima katikati. Nikasoma mara mbili. Mkewe alifariki kabla sijamfahamu, watoto wako Dar, na saluni imekuwa duka la vifaa vya simu. Mtu huyu alikuwa na Jumapili tu, nami nilikuwa namtumia majina ya filamu.

Nikampigia. Iliita kidogo tu akapokea.

"Shikamoo, Mzee Chande."

"Marahaba, Mwalimu. Vipi, kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Mbona unapiga?"

"Leo sina filamu ya kukupendekezea," nikasema. "Nakuja tu, tukae."

Nikasikia kiti kikiburutwa, kitu kama sufuria kikigonga sakafu, pumzi zake karibu kabisa na simu.

"Usije mapema sana, Mwalimu," akasema. "Nifagie kwanza."