Mtandao Mfukoni mwa Shati

Miaka ishirini na tisa nilikuwa mtu wa kutembea. Katika kiwanda cha nguo kule Thika, kazi yangu ilikuwa kuzunguka kati ya mashine nikisikiliza ni ipi imebadilisha mlio. Msimamizi akikukuta umeketi, hakuuliza kama umechoka. Aliandika jina lako. Kiwanda kilifungwa, nikahamia Mugutha, lakini miguu yangu haijapata habari.

Asubuhi moja kitindamimba wangu alifika na kompyuta begani. Alikuwa mwalimu, na alikuwa amekaa mwaka mzima bila kazi. Saa nne alikuwa na mahojiano kwa njia ya video na wakuu wa shule moja, na kwake stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Akachukua simu yangu, akawasha hotspot, kompyuta ikashika mtandao. Simu akaiacha jikoni kwenye chaji.

"Baba, mtandao wote uko hapa. Usiiguse. Hata ikilia."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Afadhali mtoto. Mtoto angekaa."

Tulicheka, ingawa nilijua anachokumbuka. Siku aliyopewa zawadi akiwa darasa la nane, jina lake liliposomwa mimi nilikuwa nimeshatoka uwanjani. Nilikuwa nimeenda kunyoosha miguu.

Akafunga mlango wa sebule. Kupitia ukuta nilimsikia akijibu, sauti imetulia, ile sauti yake ya darasani. Niliketi. Nikasimama. Nikaosha kikombe kilichokuwa safi, nikakifuta, nikakiosha tena. Nikaangalia saa: zilikuwa zimepita dakika nane tu.

Ndipo nikasikia bomba linakoroma nje. Ilikuwa siku yetu ya maji, na kwetu Mugutha usipofungulia tangi mapema unangoja wiki nyingine. Nilichomoa simu, nikaitia mfukoni mwa shati na kutoka. Sikuamua kuichukua. Kiwandani mfuko huo ulikuwa wa daftari langu, na sikuwahi kuinuka bila daftari.

Tangi lilianza kujaa. Kutoka hapo ningeweza kurudi ndani. Lakini jirani aliniita kutoka langoni, mbali kabisa na nyumba, nami nikaenda.

"Mzee, leo sijakuona barabarani. Umefungwa kamba?"

"Msichana wangu ana mahojiano ya kazi huko ndani. Leo mimi ndiye kampuni ya mtandao."

"Atiriri! Na kampuni inafanya nini hapa langoni?"

Alikuwa akinitania tu. Mimi nilishika mfuko wa shati, na mkono ukabaki hapo.

Nilirudi mbio, kwa mbio za umri wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, kompyuta mikononi, akiielekeza huku na huku kama mtu anayetafuta jua. Aliiona simu mfukoni mwangu. Ningeweza kusingizia maji, na yalikuwa yakimwagika kweli.

"Niliichukua," nikasema. "Nilienda hadi langoni kupiga domo."

"Sawa, Baba."

Angenifokea ningepumua. Aliandika ujumbe wa kuomba radhi, wakamkubalia aendelee saa nane. Nilimwambia nitaketi, nitaishika simu kwa mikono miwili, anifunge kamba akitaka. Akasema hapana, ataenda saiba ya Ruiru mjini, akalipie mtandao. Akaondoka bila kunywa chai.

Saa nane niliwasha hotspot hata hivyo. Nikaketi kando ya kabati. Simu iliandika kwamba hakuna kifaa kilichounganishwa, nami nikakaa nayo hadi saa tisa na nusu. Kukaa kule hakukumsaidia mtu yeyote.

Kazi aliipata. Habari nilizipata kwa mama yake.

Amekuja mara mbili tangu wakati huo, kila mara na mtandao wake mwenyewe. Jumamosi iliyopita bando lake likaisha akiwa katikati ya kuwatumia wanafunzi kazi yao. Akanitazama kwa juu ya kompyuta.

"Baba, simu yako iko na bando?"

"Iko."

"Ni dakika ishirini."

Nikaiweka mezani mbele yake, nikavuta kiti. Nje bomba lilianza kukoroma. Alilisikia, nami nililisikia. Niliikunja miguu chini ya kiti, nikaifungamanisha, na kuanza kuhesabu maua ya kitambaa cha meza.