Kitabu Nilichokificha kwa Rafu ya Kuku

Mwaka wangu wa pili chuoni Nakuru nilikuwa bado natoka nyumbani Sachangwan kila asubuhi. Kukiwa na ukungu barabarani nilifika maktaba saa nne, na saa nne hakukuwa na kiti. Wengi tuliosafiri tulisomea kwenye ngazi, vitabu vikiwa magotini.

Kiti nilichokitaka kilikuwa cha dirishani, karibu na soketi pekee iliyofanya kazi. Kilikuwa cha msichana mmoja wa darasa letu. Hakuna aliyempa, ila alikaa hosteli ya nyuma ya chuo, na mlango ukifunguliwa saa moja alikuwa ameshafika. Akienda kunywa chai aliacha sweta yake ya kijani pale kitini, na hakuna aliyeigusa. Mama wa maktaba, mkali kwetu sote, alimuuliza yeye kama amelala vizuri. Nilimchukia kwa usingizi huo. Mimi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri.

Kitabu cha fiziolojia kilikuwa nakala moja, na hakikuruhusiwa kutoka nje. Kila nikifika, yeye ndiye alikuwa nacho. Wiki mbili kabla ya mtihani nilikikuta mezani kwake, karibu na ile sweta, mwenyewe akiwa ametoka. Nilikichukua nikijiambia nasoma kurasa mbili tu. Sikusoma hata moja. Nilikipeleka hadi rafu za kilimo, nikakisukuma nyuma ya vitabu vya ufugaji wa kuku.

Alikitafuta siku tatu. Siku ya nne aliniuliza kama nimekiona, nikasema sijakiona. Nilitaka anune, au anishuku. Badala yake alitoa daftari lake, mwandiko safi, michoro ya moyo na figo kwa kalamu za rangi, akaniambia nilipige picha, kwa sababu anajua sisi wa mbali tunaumia. Nilipiga picha zote. Nilipokuwa nikisoma nyumbani jioni, kila mchoro ulinikasirisha. Kumbe hata huruma alikuwa nayo ya kutosha kugawa.

Siku iliyofuata nilienda kukirudisha, nikakuta mama wa maktaba ameshakipata. Alikasirika, akaamua kitakaa mezani kwake, saa moja kwa kila mtu, na zamu zinaandikwa mlango unapofunguliwa. Nilipofika, ukurasa wa zamu ulikuwa umejaa. Ilikuwa hivyo kila siku, kwangu na kwa wenzangu wa ngazini, ambao hawakuwa wamekosea chochote.

Jumatano yule msichana alinivutia kiti kando yake, akaniambia zamu yake tutasoma pamoja. Nilikaa. Tulikuwa katikati ya mzunguko wa damu nilipomwambia, bila kumtazama, kwamba ni mimi niliyekificha.

"Najua," alisema. "Nilikuona ukitoka kwa rafu za kuku. Kilipopatikana huko nikaelewa; wewe huna shughuli na kuku."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, ungefukuzwa maktaba. Na mimi nilikuwa nimeshanakili yote daftarini." Akafungua ukurasa unaofuata. "Lakini usidhani sikukasirika. Nililia."

Nilimwomba msamaha, akasema sawa, tusome, dakika zinaisha.

Tulisoma hivyo hadi mtihani. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa nimepita vizuri kuliko nilivyowahi kupita. Jina lake lilikuwa juu ya langu kwa nafasi tisa. Alinikumbatia pale kwenye ubao, akifurahi kwa ajili yangu, na ninaandika haya nikiona aibu: mikono yangu ilimshika, lakini macho yalikuwa bado yanahesabu zile nafasi tisa.