Mama wa Mitungi

Mama anayewajazia wazamiaji hewa hugonga kila mtungi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akainusa hewa kama anayenusa mchuzi jikoni. "Hii safi. Nenda, mwanangu." Viganja vyake vimekakamaa kwa kukaza koki, na sauti yake hushinda mngurumo wa mashine. Kwa miaka kumi na minane ya kazi hii hakuwahi kuzamia mwenyewe. Jana bintiye, mwalimu wa uzamiaji, alimvisha mtungi mgongoni, akamshika mkono, wakashuka kwenye matumbawe kati ya visiwa viwili. Sisi tuliobaki botini tulikaa roho mkononi. Alipoibuka alitema mpira wa kupumulia, akacheka mpaka akapaliwa.

"Mama, uliogopa?" bintiye akamuuliza.

"Niogope nini? Kasa kanipita hapa hapa, mtu mzima na gamba lake, wala hakunisalimia! Nirudishe chini nikamuulize."