Nilivyoinama Katikati ya Ngong Road

Aibu hii nimeifunika miaka na miaka, lakini leo mmeniuliza kwa nini natembea hivi, basi chekeni mmalize.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi seremala kijana, nimepanga chumba Kawangware, na Jumapili hiyo nilikuwa naenda Laini Saba kuonana na wajomba wa Rosa, mchumba wangu, nimevaa raizoni mpya (vile viatu vya soli nene, mtu anarefuka bila kula), na nilipofika katikati ya Ngong Road, juu ya zebra kabisa, pale kwenye mistari myeupe ya kuvukia, nikaona vumbi kwenye kiatu. Nikatoa hanchifu, kile kitambaa cha mfukoni, nikainama kupanguza. Ndiyo, katikati ya barabara! Gari likaja mbio likanigonga, na nilipozinduka nilikuwa hospitalini, mguu ndani ya plasta.

Mwenye gari akasema eti nilijitupa mbele yake. Nikapata wakili mmoja mpole, aliyesaidia watu wa hali yetu bila malipo, akaniambia, "Ulikuwa kwenye zebra, haki ni yako. Nitafutie tu mtu aliyeona." Nikishindwa ningebaki na mguu mbovu, kazi hakuna, fidia hakuna. Na aliyeona nilimjua vizuri: Mama Atieno, mchoma mahindi wa pale kando ya barabara. Lakini Mama Atieno aliona pia hanchifu yangu, na wajomba wa Rosa wangekuwepo kortini! Nikamwendea Wafula, jirani yangu wa ploti, ambaye saa ile alikuwa kanisani akipiga ngoma.

"Nitasema niliona," Wafula akasema. "Kwani wewe si ndugu yangu?"

Kortini alieleza vizuri mno, mpaka wakili wa upande ule akamuuliza rangi ya gari. "Nyekundu," akajibu bila kupepesa. Lilikuwa jeupe. Kumbe Mama Atieno alikuwa nyuma, amekuja mwenyewe kunitetea, akasimama: "Huyo hakuwako! Mimi ndio nilikuwa hapo!" Akaapishwa, akasimulia yote, kwamba gari halikupiga breki hata kidogo, na kwamba mimi nilikuwa nimeinama nasafisha kiatu. Hakimu (Mwingereza aliyebaki baada ya uhuru) hakuelewa, mkalimani akarudia, bado hakuelewa, basi mkalimani akatoa hanchifu yake, akainama mbele ya watu wote, akaonyesha. Korti nzima ikaangua kicheko, wajomba wa Rosa wakiongoza.

Kesi nilishinda, maana hakimu alisema mtu aliye kwenye zebra hagongwi hata akiwa anapiga viatu rangi. Lakini Wafula aliwekwa seli kwa kudanganya chini ya kiapo. Nikakaa nje na magongo yangu, moyo ukiniuma kuliko mguu. Jioni wakamwachilia kwa onyo, akatoka, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Umekula lakini?"

Nililia pale pale. Tangu siku hiyo nikienda kwa wakili namwambia yote, nikianza na yale ya kuchekesha, na sijamtuma tena mtu mwingine akanibebee aibu yangu.