Lenzi ya mtumba niliyonunua Hedaru, na harusi ya dada ambayo mama hakufika

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kuna kijana humu ameuliza kama aanze upigapicha na lenzi za mtumba. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikajikuta nimerudi Mhezi, milimani kwetu Upare, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sitaongeza chumvi. Kisa chenyewe kinatosha.

Vijana wa leo hamuwezi kuielewa ile furaha. Tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sabuni, ghafla soko la Hedaru likajaa makoti, redio, saa za ukutani, kila kitu. Ukishuka mlimani unarudi shingo inauma kwa kugeukageuka.

Mimi nilikuwa na kamera isiyo na lenzi. Aliniachia mwalimu mmoja wa kigeni alipokuwa anarudi kwao, lenzi yake ilishavunjika. Niliitunza kama yai.

Sasa siku hiyo Hedaru, kwenye turubai la muuza mitumba, katikati ya mikanda na pasi, nikaiona lenzi. Nikaifunga kwenye kamera, ikakubali. Nikachungulia, nikaliona lori ng'ambo ya barabara mpaka vumbi la kwenye matairi.

"Kagua kioo, kijana. Hakina hata mkwaruzo," mwenye mali akaniambia.

Nikakagua cha mbele, nikakagua cha nyuma. Pesa yangu ya maharage ikaishia pale, nikapanda mlima naimba.

Ulikuwa msimu wa baridi. Waliowahi kuishi juu kule wanajua, asubuhi ukungu unashuka mpaka humuoni mbuzi uliyemfunga mwenyewe. Nikapiga picha za kwaya, nikapiga za watoto wa kipaimara. Filamu zinakwenda kusafishwa Moshi, picha zinarudi zimefifia.

Hakuna aliyelalamika! Watu walisifia: "Huyu ameutoa mpaka ukungu wetu." Nami kichwa kikavimba.

Ndipo dada yangu Niwaeli akachumbiwa na fundi magari wa Same mjini. Harusi ikapangwa kufungwa kule kule.

Mama alikuwa anaumwa mguu, na gari la kushuka kwetu lilikuwa la kubahatisha. Hangeweza kwenda. Akaniita jikoni.

"Wewe ndiye macho yangu," akasema. "Niletee uso wa mwanangu."

Jua la Same mnalijua. Siku ile hapakuwa na wingu hata la dawa. Nikapiga filamu nzima, kwa madaha, nawapanga wazee wa watu kama mwenye studio.

Picha zikarudi kutoka Moshi, nikazifungulia Same kwa kina shemeji. Ukungu mtupu.

Same, wakuu! Ukungu Same!

Ndugu wa shemeji walicheka mpaka wakakaa chini. "Kwani harusi ilifungwa hapa au Mhezi?" Nikaivua lenzi, nikaielekeza juani, kwa mara ya kwanza nikachungulia ndani yake. Katikati ya vioo kulikuwa na nyuzi nyeupe zimetambaa kama utando wa buibui. Fangasi. Muda wote ule nilikuwa nausingizia mlima.

Nikampelekea mama hivyo hivyo. Alisogea nazo mlangoni kwenye mwanga, akazigeuza moja moja.

"Mwanangu, yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona kabisa kwamba hamwoni. Niliumia sana, sitaki kudanganya.

Dada aliposikia hakunigombeza. Jumamosi moja tukamwona anapanda na mumewe, shemeji kajitwika sanduku. Akaingia chumbani, akatoka amevaa gauni la harusi na shela. Shemeji naye ndani ya suti, viatu vimejaa matope. Wakasimama uani mbele ya mama.

Mama alimpapasa mabega, akapapasa shela, akamshika uso. Akalia, akacheka, akapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakaja mbio.

Mimi kwa mazoea nilikuwa nimeshika kamera.

"Iweke ndani hiyo," mama akasema. "Njoo ukae na sisi."

Nikaiweka. Siku ile haina picha hata moja, na sijutii.

Kwa hiyo kijana, nunua tu, mtumba si dhambi. Ila usiishie kukagua kioo kwa nje. Ielekeze lenzi kwenye mwanga, chungulia ndani. Ukiona nyuzi, mrudishie mwenyewe hata akikuapia. Na ijaribu mahali penye jua, usije ukasingizia hali ya hewa kama mimi.

Mama ametangulia sasa. Zile picha za Same nilitaka kuzichoma, akanikatalia, akazibandika ukutani sebuleni. Kila mgeni alioneshwa: "Yule mweupe pale ni Niwaeli. Na aliyepiga ni mwanangu." Alisema hivyo hivyo mpaka mwisho wake, bila hata kutabasamu, na mgeni akishindwa kumwona Niwaeli anaambiwa asogee karibu.

Haya, nani mwingine aliuziwa mbuzi kwenye gunia miaka ile? Semeni, nisichekwe peke yangu.