Nyanya alipoutafuta mguu wake

Leo nyanya yangu amelia akidhani amekatwa mguu.

Juzi aliteleza bafuni, nyumbani kwetu Kuze, akavunjika nyonga. Asubuhi hii madaktari wamempasua.

Alipozinduka wodini alijipapasa paja, akaanza kulia, kisha akaniuliza polepole:
"Mwanangu, mguu wangu wameupeleka wapi?"

Nikafunua shuka, nikamwonyesha vidole.

"Hivyo si vyangu. Ningevihisi."

Daktari akamweleza kuwa alimdunga sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu, ili asipate maumivu, na kwamba ganzi itaisha yenyewe.

Hakuamini. (Nyanya haamini hata utabiri wa mvua.)

Jioni akashtuka. "Unauma!"

Nikainuka kumwita nesi. Akanishika mkono, analia na kucheka.

"Ngoja kwanza. Alhamdulillahi, unauma."

Nikangoja kidogo, kisha nikamwita.
Nyinyi mngengoja?